Corvette Iliyolala Polisi Walipoondoka

Tarehe 1 Januari 2024 jimbo la California lilifuta kifungu namba 24008 cha Sheria yake ya Magari, kifungu kilichodumu zaidi ya miaka 60. Kilikataza kuendesha barabarani gari lililobadilishwa kutoka lilivyotoka kiwandani kiasi kwamba sehemu yake yoyote, ukiacha magurudumu, iko karibu na lami kuliko ukingo wa chini wa rimu. Mswada wa kukifuta, AB 436, ulipelekwa bungeni na David Alvarez wa San Diego, na Gavana Gavin Newsom akautia saini Oktoba 2023. Kelele nyingi zilikuwa juu ya nusu ya pili ya mswada huo, ile inayozuia miji kupiga marufuku watu kuzunguka barabara kuu na magari yao jioni. Habari ya rimu ikapita kimyakimya, na mimi naona ndiyo yenye kisa.

Fundi yeyote wa gereji atakielewa kifungu hicho bila wakili. Vuta uzi kutoka ukingo wa chini wa rimu ya mbele hadi ukingo wa chini wa rimu ya nyuma. Chochote kinachoning'inia chini ya uzi huo, iwe bampa, ekzosi au chesisi, kimevunja sheria. Hoja iliyotolewa ni usalama: tairi likipasuka gari hushukia rimu, na kama kuna chuma kilicho chini kuliko rimu, hicho ndicho kitakachokwaruza lami kwanza, na dereva atabaki ameshika usukani usiomtii. Hata watengenezaji wa magari ya mashindano hutumia uzi huohuo kujikagua. Kipimo chenyewe, kwa hiyo, hakina ubaya.

Ila kipimo hakikutungwa hewani. Kilianza kutumika 1958, wakati ambapo mitaa ya mashariki ya Los Angeles ilikuwa imejaa magari yaliyolala, na waliokuwa ndani yake wengi walikuwa vijana wenye asili ya Mexico. Karatasi ya sheria haikumtaja mtu. Askari mwenye kitabu cha faini ndiye aliyejua amsimamishe nani.

Mtindo wa kushusha gari katika mitaa hiyo ulianza kushika kasi miaka ya 1940. Vijana hao walikwishaonja ubaya wa kuonekana tofauti: Juni 1943 mabaharia na askari wa Marekani waliwakimbiza mitaani Los Angeles na kuwapiga kwa sababu ya suti zao pana, huku polisi wakiwakamata waliopigwa. Vita ilipokwisha wengi walirudi kutoka jeshini na fedha kidogo mfukoni. Gari jipya lilikuwa ghali, Chevrolet ya kabla ya vita ilikuwa rahisi. Vijana wazungu wa California walikuwa wakichukua magari ya aina hiyo wanayapunguza uzito, wanayainua nyuma na kuyafukuza kwenye mabonde makavu ya jangwani. Hawa wengine walikwenda njia ya pili: gari liwe chini, liende taratibu, familia yote imepanda, na kila mtu aliye kando ya barabara apate muda wa kulitazama.

Njia za kulishusha zilikuwa za kimaskini. Ya kwanza kabisa ni mifuko ya mchanga kwenye buti. Gari linakaa chini nyuma, na Jumatatu unaitoa mifuko unakwenda kazini. Ya pili ni kuweka vipande vya chuma au mbao ngumu kati ya ekseli na springi za nyuma zile za vipande bapa, ili bodi ishuke. Ya tatu ni kukata springi za koili za mbele, na hapa nakaa kidogo kwa sababu njia hii bado inatumika katika gereji zetu hadi leo.

Ukikata mzunguko mmoja wa koili, springi haifupiki tu. Inakuwa ngumu zaidi, kwa kuwa chuma kilichobaki cha kujikunja ni kidogo. Gari linashuka, na wakati huohuo linaanza kurusha abiria kwenye kila shimo. Shokapu iliyotengenezwa kwa ajili ya springi ndefu sasa inafanyia kazi kipande cha chini tu cha safari yake, inapiga mwisho, inakufa mapema. Na ukiliinua gari hilo kwa jeki, gurudumu linaponing'inia, springi fupi inaweza kuchomoka kwenye kikombe chake. Kuna waliokuwa wakiona msumeno unachelewesha, wakaipasha koili moto kwa gesi hadi ilegee na kukaa yenyewe. Hapo chuma kinapoteza ugumu wake wa kiwandani, na hakuna anayejua kitaendelea kushuka hadi wapi. Pale Gerezani, Dar es Salaam, au Grogan, Nairobi, ukipeleka Altezza au Impreza iliyotoka Japani ukataka ikae chini bila kununua springi fupi za dukani, utampata kijana atakayekufanyia hayo yote kabla ya saa ya chakula. Kisha utakutana na matuta ya barabara zetu. Wenye magari hayo hupanda tuta kimshazari, gurudumu moja baada ya jingine, huku daladala nyuma zinapiga honi.

Dosari kubwa ya njia zote hizo ni moja: gari likishashushwa, limeshushwa. Baada ya 1958 dosari hiyo ikawa kesi. Askari anachungulia, anaona ekzosi iko chini ya rimu, anaandika faini, na mwenye gari hawezi kumwambia chochote kwa kuwa koili iliyokatwa hairudi.

Hapo ndipo anapoingia Ron Aguirre.

Aguirre alikuwa kijana wa Rialto, mji mdogo jirani na San Bernardino, kama kilomita 90 mashariki mwa Los Angeles. Gari lake lilikuwa Chevrolet Corvette ya kizazi cha kwanza, na ni vizuri msomaji akajua maana ya hilo. Corvette ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Januari 1953 katika hoteli ya Waldorf-Astoria, New York. Mwaka huo yalitengenezwa magari 300 tu, kwa mkono, yote meupe, na bodi yake haikuwa ya bati bali ya fibaglasi. Ilikaribia kufa: mwaka 1955 yalitengenezwa 700 peke yake. Kilichoiokoa ni injini ya V8 iliyowekwa mwaka huo, pamoja na mhandisi Zora Arkus-Duntov aliyeamini kwamba Marekani inaweza kuwa na gari la michezo linalokimbia kweli. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950 Corvette ndilo lililokuwa gari la kasi la Mmarekani. Mtu alilinunua ili akimbie.

Gari la michezo hushushwa kwa sababu inayoeleweka. Uzito ukikaa chini, gari halijiinamishi sana kwenye kona, tairi zinashika lami vizuri, dereva anaingia kona kwa mwendo mkubwa zaidi. Aguirre hakuwa na haja ya kona. Alitaka sura: mstari wa Corvette ukiwa karibu na ardhi, umesimama. Alilishusha kama wenzake walivyofanya, na kwa masimulizi yanayokubalika na wengi, faini zikaanza kumwandama. Gari la namna hiyo halifichiki.

Mwaka 1959, mwaka mmoja tu baada ya sheria kuanza, alipata jawabu. Hakulitafuta kwa mafundi wa springi. Alilitafuta kwenye ndege.

Hili lisingetokea kokote tu. California ya kusini ilikuwa karakana ya ndege ya Marekani. Lockheed walikuwa Burbank, Douglas walikuwa Santa Monica na Long Beach, North American walikuwa Inglewood. San Bernardino penyewe, jirani na nyumbani kwa kina Aguirre, palikuwa na kambi ya jeshi la anga ya Norton. Wakati wa vita Marekani ilitengeneza ndege za kijeshi zinazokaribia 300,000, na vita ilipokwisha serikali ikabaki na milima ya vifaa isivyovihitaji. Viliuzwa kwa kilo, kwa kreti, kwa bei ya chuma chakavu. Kwa miaka mingi baadaye mtu wa Los Angeles mwenye dola chache aliweza kuingia duka la vifaa vya jeshi na kutoka na kifaa kilichokuwa kikiendesha bawa la ndege ya mabomu.

Miongoni mwa vifaa hivyo kulikuwa na pampu za haidroliki za kampuni ya Pesco. Ndani ya ndege kazi ya mfumo wa haidroliki ni kusogeza vitu vizito kwa amri ndogo: kukunja magurudumu, kushusha mabawa madogo wakati wa kutua. Aguirre aliona kwamba kitu kinachoweza kuteremsha gurudumu la ndege kinaweza pia kuinua pua ya gari.

Wapenzi wa magari haya hupenda kusema pampu hizo zilitoka kwenye B-52. Mimi siamini. B-52 iliingia jeshini 1955, na haielekei kwamba miaka minne baadaye vifaa vya ndege kubwa na mpya kuliko zote za mabomu vilikuwa vikiuzwa mtaani. Ndege za vita kuu, zile zilizokuwa zikikatwa vipande miaka yote ile, zinatosha. Lakini B-52 inanoga mdomoni, basi imebaki.

Tuangalie kifaa chenyewe kinavyofanya kazi, kwa sababu hakijabadilika sana. Kuna mota ya umeme iliyofungwa kwenye pampu. Pampu inavuta mafuta kutoka mtungi mdogo na kuyasukuma kwenye bomba hadi kwenye silinda yenye pistoni ndani, iliyowekwa mahali springi inapokutana na chesisi. Mafuta yakiingia, pistoni inasukuma, na kwa kuwa springi imekalia gurudumu na gurudumu limekalia lami, kinachobaki kuinuka ni gari. Ukitaka lishuke, vali inafunguliwa, uzito wa gari wenyewe unayarudisha mafuta kwenye mtungi. Dereva ana swichi chini ya dashibodi. Akiibonyeza juu, mota inalia kwa sauti ya kinanda kilichokwama kwenye nota moja, na pua inapanda. Akiibonyeza chini, kuna pumzi ya mafuta, na gari linalala.

Ugumu ulikuwa umeme. Ndege za kijeshi zilitumia volti 24 na zaidi kidogo. Chevrolet zilihamia volti 12 mwaka 1955, na nyingi za mitaani bado zilikuwa za volti 6. Pampu ya ndege ukiipa volti 12 inazunguka, lakini kwa uvivu. Dawa ni kuunganisha betri mbili mfululizo, na hapo ndipo ulipoanzia ule utamaduni wa kujaza betri kwenye buti, ambao baadaye ulifikia mtu kubeba betri kumi na kuendelea, buti likawa kama stoo ya muuza sola.

Sasa fikiria sheria na gari hilo vinakutana. Kifungu kinapima umbali kati ya gari na lami. Hakisemi gari lililala vipi jana, au litalala vipi likishafika kwenye maegesho. Likiwa limeinuliwa, Corvette ya Aguirre iko juu ya uzi, na askari hana cha kuandika. Likiwa limeegeshwa mbele ya mgahawa, tumbo linakaribia kugusa lami na vijana wamelizunguka. Bunge la jimbo lilikuwa limepiga marufuku urefu fulani, na kijana wa Rialto akatengeneza gari lisilo na urefu wa kudumu. Naikubali sana akili hiyo. Wapo waliosoma sheria hadi shahada ya pili wasiouona mwanya ule.

Gari hilo likaitwa X-Sonic, na Aguirre hakuishia hapo. Fibaglasi inakubali kuchongwa na kuongezwa, tofauti na bati linalohitaji madini ya risasi yaliyoyeyushwa na nyundo. Sura ya Corvette ikabadilishwa, paa likaondolewa na mahali pake pakawekwa kuba la plastiki angavu, kama la rubani. Wakati huo Marekani nzima ilikuwa inaota anga za juu. Warusi walikuwa wamerusha Sputnik Oktoba 1957. Kijana aliyevua pampu kwenye ndege akamalizia kwa kulifanya gari lenyewe lifanane na ndege.

Je, alikuwa wa kwanza? Swali hili limekula miaka ya watu.

Masimulizi ninayoyafuata ni yale yaliyokuzwa na jarida la Lowrider, lililoanzishwa San Jose mwaka 1977, na kwa wengi wanaoyasoma hayo Aguirre ndiye baba na mjadala umefungwa. Lakini kuna kambi ya Long Beach inayomtaja Jim Logue, aliyekuwa na Ford ya 1954, kwamba naye alikuwa akihangaika na haidroliki miaka hiyohiyo. Kuna pia wanaomtaja Bill Hines, fundi hodari wa kuchonga bodi aliyehamia California kutoka Michigan, kwamba ndiye aliyeufanya mfumo huo kuwa kazi ya kuaminika ambayo mteja anaweza kuilipia. Ugomvi ni mtamu kwa sababu kila upande una hoja, na kwa sababu miaka inayobishaniwa ni michache tu.

Na nyuma ya wote wamesimama Wafaransa. Oktoba 1955, kwenye maonyesho ya Paris, Citroën ilifunua DS, gari lisilokuwa na springi za chuma kabisa. Lilikuwa likikalia mafuta na gesi ndani ya vibofu vya chuma, kazi ya mhandisi Paul Magès. Likizimwa linashuka, likiwashwa linapanda, na dereva ana wenzo wa kuchagua urefu. Inasemwa mara kwa mara, na ni kweli, kwamba oda 743 ziliandikwa katika dakika 15 za kwanza, na siku ilipokwisha zilikuwa zimefika 12,000. Mtu wa Paris akikuambia Wamarekani hawakuvumbua gari linalopanda na kushuka, mkubalie tu.

Ila hajamaliza. Citroën ilitengeneza DS ili abiria asisikie barabara mbovu za Ufaransa ya baada ya vita. Urefu wake ulibadilika ili gari libaki sawa hata likibeba mizigo. Ilikuwa dawa ya starehe, imebuniwa na kampuni yenye wahandisi na mamilioni. Aguirre alikuwa na tatizo jingine, la askari na faini, na alilitatua kwa vifaa vya dukani vya ndege katika gari lililotengenezwa kukimbia. Logue na Hines nao wana heshima yao. Lakini ukitafuta mahali ambapo haidroliki, sheria na mtaa vinakutana, ni kwenye ile Corvette. Kura yangu iko Rialto.

Kuna ubishi wa pili, usiosemwa kwa sauti kubwa. Watu wa maonyesho ya magari, wale wa kuchonga na kupaka rangi, husema X-Sonic ni gari lao: lilikuwa la jukwaani, na Corvette halijawahi kuwa gari la mtaa wa Wachikano, yaani Wamarekani wenye asili ya Mexico. Wa mitaani nao hujibu kwamba mwenye gari ni Aguirre, na Aguirre ni wao. Nikisoma hoja za pande zote mbili naona wanagombania kitu ambacho mwenyewe hakukigawa. Miaka ile kijana mmoja alikwenda kwenye maonyesho mchana na kwenye barabara kuu usiku na gari lilelile.

Yaliyofuata yanajulikana na yameandikwa vya kutosha. Chevrolet Impala iliyoanza 1958, yenye chesisi ya umbo la X, ikawa ndilo gari la kuwekewa haidroliki, na Corvette ikasahaulika. Pampu za ndege zilipoanza kuadimika, mafundi wakahamia pampu za milango ya nyuma ya malori, zile zinazoinua mizigo. Klabu ya Dukes iliundwa 1962 na ndugu wa ukoo wa Ruelas, klabu ya Imperials ikatoa Impala ya 1964 ya Jesse Valadez iliyochorwa mawaridi na kuitwa Gypsy Rose, na gari hilo likaonekana na Amerika nzima mwanzoni mwa kipindi cha televisheni cha Chico and the Man kuanzia 1974. Whittier Boulevard, barabara iliyokuwa ikijaa magari hayo mwisho wa wiki, ilifungwa na polisi 1979. Miaka ya 1980 jimbo likaipa miji nguvu ya kupiga marufuku mizunguko hiyo, na mji mmoja baada ya mwingine ukafanya hivyo: San Jose 1986, Sacramento 1988, National City 1992. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 video za kina Dr. Dre na Snoop Dogg zikaleta Impala zinazorukaruka hadi kwenye televisheni za Nairobi na Dar es Salaam, na vijana wetu wakadhani jambo lile lilianzia kwenye muziki.

Ndiyo maana nakereka kidogo. Historia hii ikisimuliwa leo, huanzia kwenye Impala, inaruka hadi kwenye rap, na inaishia kwenye mashindano ya kurusha gari juu. Mafundi wanaachwa. Kijana anayekata springi Gerezani hajui kwamba kuna watu waliopitia msumeno huohuo miaka 80 iliyopita, wakaona ubaya wake, wakautafutia dawa ya kihandisi. Angejua, pengine angeacha kupasha koili za watu moto. Na kwetu pia hakuna aliyekaa na mafundi wetu wazee kuandika walivyojifunza kuziweka barabarani gari za Kijapani, zipi walizishusha, zipi walizinyanyua kwa ajili ya barabara za vumbi, na kwa vifaa gani. Wanastaafu na maarifa yao yanakwenda nao kijijini.

Huko California kumbukumbu imeshughulikiwa vizuri kidogo. Mwaka 2017 Gypsy Rose iliingizwa kwenye orodha ya kitaifa ya magari ya kihistoria na kuonyeshwa Washington, katika uwanja unaoanzia bungeni na kupakana na makumbusho makubwa ya nchi. Jesse Valadez alikuwa amefariki 2011, hakuiona siku hiyo. Jarida la Lowrider lilikoma kuchapishwa kwenye karatasi mwishoni mwa 2019. San Jose na Sacramento ziliondoa marufuku zao 2022, mwaka ambao bunge la jimbo lilipitisha azimio la kuihimiza miji kufanya hivyo. National City ikafuata 2023, na AB 436 ikamaliza kazi.

Corvette nayo imefika kizazi cha nane, kilichoanza na magari ya mwaka 2020, na injini sasa iko nyuma ya dereva. Kwenye orodha ya vitu vya ziada anavyoweza kulipia mnunuzi kuna kifaa cha kuinua pua. Ukibonyeza swichi gari linapanda milimita 40 kwa muda usiozidi sekunde 3, hata likiwa linatembea, mradi mwendo usizidi kilomita 39 kwa saa. Lina kumbukumbu inayotumia setilaiti: ukifika kwenye tuta au mlango wa gereji yako na kuamuru gari likumbuke, siku nyingine litainuka lenyewe, na linaweza kukumbuka maeneo 1,000. Ndani yake kuna mota, pampu, mafuta, silinda na swichi. Fundi wa 1959 angeifungua boneti ya mbele akatambua karibu kila kitu, ila angeuliza zile betri nyingine ziko wapi.